Kitambaa cha Kubandua

"Mama Mosi, utanichomea duka," alisema Mwishehe, akilivuta jora la kitambaa mbali na njiti ya kiberiti.

Biubwa, ndiye huyo mama Mosi, hakuinua kichwa. Alikuwa amechomoa uzi mmoja kwenye pindo na kuuwasha, na sasa macho yake yalikuwa yakiufuata ule moto. Uzi haukuwaka kama uwakavyo wa pamba. Ulinywea, ukajikunja, ukaacha kidonge cheusi kwenye ncha. Akakifikicha kwa vidole. Kilikuwa kigumu kama punje ya mtama.

"Hii tetroni tupu," akamwambia mumewe. "Haina pamba ndani yake."

Msabaha alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mwanamume aliyefuatana na mkewe kwenye shughuli ya kike. Nguo hakuzijua. Alizijua mbao, maana maisha yake yote alikuwa seremala wa vitanda na milango, mpaka mwaka uliopita alipoitwa kwenye lile ghala la zamani karibu na forodha kwenda kuunda ndege.

Naam, ndege. Watu wa Bagamoyo walilitamka neno hilo huku wakitazamana. Injinia Alawi, mtoto wa mji mwenyewe, aliyesomea Ujerumani, alikuwa amepewa ghala na fungu dogo la serikali ili atengeneze ndege ya watu wawili, ya kupelekea dawa vijiji ambavyo masika huvikatia njia. Haikuwa ya bati wala ya mbao. Ilikuwa ya nyuzi za kioo zilizofumwa kama nguo, zikatandazwa na kunyweshwa gundi, zikakauka zikawa ngumu. Vijana wa barazani waliiita ndoo yenye mabawa.

"Na isiwe na wanga," Msabaha alikumbusha kutoka mlangoni. "Wala rangi. Wala dawa ya kuing'arisha. Injinia amesema hata buluu ya kufulia hataki kuisikia."

"Hee! Sasa mnaivalisha nini hiyo ndege, sanda?" Mwishehe aliuliza, kisha akajipiga mdomo kwa vidole. "Astaghfirullah. Nisameheni, ulimi hauna mfupa."

Msabaha alicheka. Biubwa hakucheka. Aliendelea kukipapasa kitambaa, lakini lile neno lilikuwa limekwisha kumwingia, na halikutoka.

"Tukatie kipande kidogo kwanza," alisema. "Wakakijaribu. Kikifaa, tutakuja kuchukua jora."

*

Kitambaa chenyewe kilikuwa na kazi ya ajabu: kinanunuliwa ili kitupwe. Msabaha alimweleza mkewe mara nyingi, jioni, kwa mikono yake, akitandika kitambaa cha meza juu ya sinia. Ukishatandaza nyuzi za kioo na kuzinywesha gundi, juu yake unalaza kitambaa chembamba. Unakikandamiza mpaka gundi inapenya. Vyote vinakauka pamoja. Kisha unashika ncha moja, unavuta, kitambaa kinabanduka chote. Kinachobaki chini ni uso safi, wenye kukwaruza kama ulimi wa paka, na juu ya uso huo gundi nyingine hushika bila kuachia tena.

"Na usipoweka kitambaa?"

"Uso unatoka laini. Gundi ya pili inateleza. Tena bawa lina mhimili ndani, mama Mosi, na mhimili umeshikana na ngozi ya bawa kwa gundi peke yake. Hakuna msumari hata mmoja."

Kitambaa cha namna hiyo kilikuwa kikija kutoka Ulaya kupitia Nairobi. Mwaka ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa, na kitambaa kikabaki upande wa pili. Injinia Alawi aliandika barua mpaka hamu ikamwishia. Mwisho akamwambia fundi wake, "Mzee Msabaha, nenda ukatafute humu humu madukani. Nguo ni nguo."

Walijaribu bafta ya pamba, ikanywa gundi yote ikagandamana na kioo, ikawa haitoki hata kwa patasi. Walijaribu nailoni ya mwavuli. Ikatoka vizuri kupita kiasi, ikaacha uso unaoteleza kama sabuni, kwa kuwa ilikuwa imetiwa dawa ya kuzuia maji. Ndipo wakaijaribu tetroni ya Biubwa, baada ya kuifua kwa maji moto pale pale ghalani na kuianika kwenye kamba. Ilibanduka kwa sauti moja ndefu. Wakagandisha kipande juu ya kipande, wakatundika ndoo ya mawe, wakaongeza mawe. Kioo kilivunjika, gundi haikuachia.

Injinia alimkumbatia Msabaha mbele ya vibarua wote. "Umetuokoa, mzee wangu."

"Si mimi, bwana. Ni mke wangu aliyechagua."

"Basi mwambie mkeo nguo itakayobaki ni yake. Akushonee kanzu, ujue na wewe umeunda ndege."

Habari hiyo Biubwa aliipokea kwa furaha. Iliyofuata haikumfurahisha. Msabaha alikuwa ameketi juu ya jamvi, kikombe cha kahawa mkononi, na alisema kama mtu anayezungumzia safari ya kwenda Zinga, kijiji cha jirani.

"Siku ya kuruka, injinia atakaa mbele. Nyuma nitakaa mimi."

"Wewe? Kufanya nini?"

"Ndiyo desturi yao huko alikosoma. Aliyeunda, apande. Ndipo atakapounda kwa haki."

"Na ukikataa?"

"Nikatae kazi ya mikono yangu mwenyewe?"

Biubwa akainuka kwenda kuangalia chungu kisichokuwa na kitu.

*

Jora lilipoletwa, Biubwa alilifua mwenyewe. Maji ya ghalani yalikuwa ya chumvichumvi, na kisima cha nyumbani kilikuwa kitamu. Injinia mwenyewe aliona ni heri lifuliwe huko. Biubwa alichemsha maji mpaka yakatokota, akafua, akasuuza, akarudia. Hakutia sabuni. Hakutia buluu. Alikianika kitambaa uani, akakifukuzia kuku, na alasiri kilikuwa kimekauka, cheupe, chepesi, kikipepea kama kitu kilicho hai.

Akakitazama. Akakumbuka ulimi wa Mwishehe na lile neno, sanda.

Pale pwani nguo mpya haiendi mwilini bila kupita kwenye moshi. Biubwa alikuwa amefukiza nguo za harusi yake, vitambaa vya kubebea mwanawe Mosi, shuka za mama yake mgonjwa, na kanzu za mumewe kila Ijumaa tangu alipoolewa. Hakuwahi kujiuliza kwa nini, kama mtu asivyojiuliza kwa nini anatandika kitanda. Na kitambaa hiki kingekwenda kulazwa kwenye mabawa yatakayombeba Msabaha hewani, pasipo na ardhi chini ya miguu yake.

Akaleta chetezo cha kufukizia. Akatia makaa. Udi alikuwa akiupika mwenyewe: vibanzi vya msandali, sukari, mafuta ya mawaridi na miski kidogo. Akafunika kapu kubwa juu ya chetezo, akatandaza kitambaa juu ya kapu, mkunjo baada ya mkunjo, na kila mkunjo akausomea Ayatul Kursi. Moshi ulipanda mzito, wa buluu, ukajipenyeza katika nyuzi na kukaa humo.

Alikuwa ameambiwa wanga, rangi, sabuni, buluu, mafuta. Moshi hakuna aliyeutaja. Moshi si mafuta. Moshi ni moshi.

Asubuhi Msabaha alikibeba kitambaa begani. Kama kilinukia, hakunusa. Nyumba yake yote ilinukia hivyo, na mtu hainusi nyumba yake. Ghalani nako, gundi ilikuwa na harufu kali ya kuwatoa watu machozi. Mbele yake udi ungesikika wapi?

*

Siku ya kulipima bawa walikuja wajumbe wa serikali, na gari lao likaegeshwa kivulini. Milango ya ghala ilifunguliwa yote. Wanaume waliingia ndani. Wanawake walisimama nje, kando ya ukuta, wakichungulia. Biubwa alikuwa miongoni mwao.

Bawa lilikuwa limegeuzwa tumbo juu, shina lake likafungwa kwenye nguzo. Vibarua walipanga juu yake mifuko ya mchanga, mmoja mmoja, taratibu, huku injinia akitaja hesabu yake. Bawa liliinama kidogo, kama tawi lenye ndege. Msabaha alisimama kwenye ncha, mikono miwili wazi, kama anayemsubiri mtoto anayejifunza kutembea.

Halikuvunjika kwa kishindo. Kishindo kingekuwa na heshima yake. Lilitoa sauti moja ndefu, ile ile sauti ya kitambaa kinapobanduka, kisha ngozi ya bawa ikaachana na mhimili wake tangu shina mpaka ncha, na mifuko ya mchanga ikaporomoka.

Mjumbe mmoja alifuta vumbi kwenye viatu vyake.

Injinia Alawi alipiga magoti. Palipobanduka hapakuwa na mchubuko, hapakuwa na uzi uliokatika. Palikuwa safi, kama muhogo uliochemshwa ukaacha ganda. Akapitisha kidole. Akakitazama kidole.

"Hapakushika," alisema. "Hapakushika hata kidogo."

Msabaha naye alikuwa ameinama upande wa pili. Aliweka kiganja juu ya uso ule, akakileta puani. Kisha akainua macho, akatazama nje, akapita nyuso za wanawake mpaka akaufikia wa mkewe. Akautazama kwa muda wa pumzi moja. Halafu akainamisha kichwa.

"Nani alishughulika na kitambaa?" aliuliza mkubwa wa wale wajumbe.

"Mimi, bwana."

"Una elimu gani, mzee?"

"Juzuu na Kurani, bwana. Na useremala."

Baadhi yao walitabasamu. "Na kitambaa ulikiosha kama ulivyoagizwa?"

"Nilikiosha mwenyewe," Msabaha alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Huenda maji hayakupata moto vya kutosha. Nadhani nilifanya haraka."

Biubwa, ukutani, alifungua mdomo. Maji aliyachemsha yeye. Yalitokota mpaka yakamwunguza kifundo cha mkono, na alama bado anayo. Kwa nini mume wake anasema uwongo mbele za watu, tena wa kujiumiza? Lakini mwanamke ataingiaje katika mazungumzo ya wanaume na wageni wao? Akaufumba mdomo.

*

Bagamoyo haikuhitaji siku nyingi. Ijumaa iliyotangulia Msabaha alikuwa ameonekana msikitini na kanzu mpya ya tetroni, ile aliyoshonewa na mkewe kwa kitambaa kilichobaki. Sasa kila mtu aliikumbuka kanzu hiyo.

"Ndege imekwenda uchi, fundi kajisitiri!" kijana mmoja alipaza sauti barazani, na wenzake wakapigana vikumbo kwa kucheka.

Ilisemekana jora zuri liliuzwa, ndege ikawekewa matambara. Mwishehe dukani alijaribu kueleza kuwa yeye ndiye aliyeuza, na alijua kilichonunuliwa; wakamwambia kwa hiyo na yeye yumo. Akarudi kwenye majora yake. Alikuwa na biashara ya kulinda.

Msabaha alirudi kwenye vitanda vyake. Lakini mtu aliyekuwa ameagiza kitanda cha harusi ya mwanawe alikuja kuchukua mbao zake. "Si kwa ubaya, fundi," alisema, akitazama randa iliyokuwa chini. "Shughuli imeahirishwa." Juma lile lile ngoma ya harusi hiyo ilisikika mpaka kwao, na Msabaha akaendelea kunoa patasi isiyokuwa na kazi.

Mosi alikuja kutoka Zinga alikoolewa. Alikaa kitako jikoni bila kuvua ukaya wake wa kichwani.

"Mama, niambie ukweli, nikawajibu watu."

"Watu wanasema nini?"

"Mama mkwe ameniambia mbele ya wageni: baba yako si bora angeiba mbao, alizozizoea?" Mosi akajaribu kucheka, midomo ikamkatalia. "Nami nilikuwa nimeshika sinia la wali. Ningejibu nini?"

"Baba yako hakuiba."

"Najua hakuiba. Lakini amesema mwenyewe ni kosa lake."

Biubwa alichochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri. Alitaka kusema, kitambaa nilikifua mimi. Na neno hilo lilipofika kooni likavuta jingine nyuma yake, kama ndoo inavyovuta kamba: nilikifua, nikakianika, kisha nikafanya nini? Akamwona tena Msabaha akikileta kiganja puani.

Mwiko ukamponyoka.

*

Alimkuta Injinia Alawi ghalani peke yake. Nusu ya ghala ilikuwa imekwisha kujaa magunia ya korosho. Mabawa yalikuwa yamesimamishwa ukutani kama milango ya nyumba iliyobomolewa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na neno moja. Kile kitambaa nilikifukiza udi."

Alawi aliweka chini nyundo aliyokuwa ameishika. "Najua."

"Nani kakwambia?"

"Mzee Msabaha, jioni ile ile. Aliinusa ile sehemu. Tetroni hupenda mafuta kuliko pamba inavyoyapenda, bi mkubwa, na udi una mafuta yake. Moshi uliyaweka kwenye kitambaa, kitambaa kikayaacha kwenye kioo. Kidogo tu, wala huyaoni. Lakini gundi inayaona."

"Basi waambie wale wakubwa! Waambie ni ujinga wa mwanamke. Mimi watanifanya nini? Yeye wanamwita mwizi."

"Alinikataza." Alawi alikuwa akitazama mikono yake. "Aliniambia, 'Andika fundi aliosha vibaya. Jina la mke wangu lisitembee midomoni mwa watu.' Nikaandika hivyo."

"Ukaandika!"

"Ningeandika nini? Kwamba bawa lilifukizwa? Wangesema serikali imetoa fedha kuundia ndege ya waganga. Ningemwaibisha yeye, na wewe, na bado wangeifunga kazi hii." Akashika ukosi wa kanzu yake, akauleta puani. "Na mimi nimelelewa humo humo. Hii mama yangu kaifukiza jana. Nilikaa nikaorodhesha kila kitu kinachoweza kukiharibu kitambaa, nami nimevaa udi mwilini. Sikuufikiria."

Biubwa alikaa juu ya gunia bila kukaribishwa. "Turudie basi. Nitakifua mpaka kiishe harufu. Nitanunua kingine."

"Gundi imekwisha, bi mkubwa. Na ghala, unaona mwenyewe."

Nje vibarua walikuwa wakishusha gunia jingine, wakiitikiana. Biubwa alingoja mpaka wakamaliza.

"Nikuulize. Isingekuwa ule mchanga?"

Alawi alijibu kwa sababu aliulizwa na mtu mzima. "Tungeruka."

"Naye nyuma yako."

"Naye nyuma yangu."

*

Nyumbani yeye na Msabaha walikula kutoka sinia moja, wakasogezeana samaki, kila mmoja akimwekea mwenzake kipande kizuri, kama wageni wanaoheshimiana. Mara mbili Biubwa alianza, "Baba Mosi," naye akaitika, "Naam," haraka mno, kwa sauti ya mtu anayeziba mlango kwa mgongo wake. Mara zote mbili akaishia kumwuliza kama chumvi imetosha. Imetosha, alisema.

Ijumaa ikafika. Biubwa alitoa kanzu kuukuu ya pamba, ya marekani, akaikunja, akaiweka kitandani. Chetezo kilikuwa pembeni ya ua, kimefunikwa kifuu. Hakuwa amekigusa tangu siku ya mchanga.

Msabaha alitoka kuoga. Aliiangalia kanzu kuukuu, akaiinua, akaiweka kando. Akafungua kasha, akaitoa ile ya tetroni.

"Hiyo?" Biubwa aliuliza.

"Ndiyo kanzu yangu ya Ijumaa. Nimepewa kwa halali, ukaishona wewe."

"Watu, baba Mosi..."

"Watu wana macho yao." Akampa kanzu mkononi. "Mbona hukufukiza? Nitoke bila harufu, kama mtu asiye na mke?"

Alisimama na kanzu mikononi, na alitaka kusema yote, tangu duka la Mwishehe mpaka gunia la korosho. Aliutazama uso wa mumewe akaona kwamba anajua kuwa yeye amejua, na kwamba anamwomba, kwa jambo hili moja tu, asiseme. Akisema, atakuwa amemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa.

Akafunua kifuu. Akatia makaa, akatia udi. Akatandaza kanzu juu ya kapu, na moshi ukapanda kama unavyopanda siku zote, mzuri, mtamu, usiojua lolote.

Msabaha akavaa, akavaa kofia, akasema bismillahi, akatoka. Biubwa alimsindikiza kwa macho kutoka mlangoni. Njia ya msikitini ilikuwa mkono wa kulia, ikipita barazani kwa vijana na mbele ya ghala. Ndiyo njia aliyoipita kila siku akienda kuunda ndege. Alifika kwenye kona, akasimama, akavuta mikono ya kanzu kama mtu anayetaka kuingia mahali. Kisha akageuka kushoto, akashika njia ndefu ya nyuma, ya makaburini, asipokaa mtu.

Biubwa aliinua mkono. Lakini mtu aliyekwisha kutoka haitwi nyuma. Ni nuksi, na hilo nalo alikuwa amelelewa nalo. Akabaki mlangoni, mkono ukiwa hewani, mpaka ile kanzu nyeupe ikapotea na harufu peke yake ikabaki njiani.